Kifungu Kinachojua Kitashindwa

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaeleza ndoa ni nini mapema kabisa, katika kifungu cha 9: muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, uliokusudiwa kudumu maisha yao yote. Kisha zinafuata taratibu: taarifa ya siku 21, mashahidi, msajili, cheti, mali, talaka. Wanaoishi kinyumba bila hata kimoja kati ya hivyo inabidi wasubiri hadi kifungu cha 160, karibu na mwisho, kana kwamba waandishi waliwakumbuka wakati wanafunga jalada.

Kifungu kidogo cha kwanza ni sentensi moja fupi. Kwa maneno yangu, maana sheria iliandikwa kwa Kiingereza, inasema hivi: ikithibitika kwamba mwanamume na mwanamke wameishi pamoja miaka miwili au zaidi, katika mazingira yaliyowapa sifa ya kuwa mume na mke, itadhaniwa kwamba walikuwa wamefunga ndoa ipasavyo, na dhana hiyo inaweza kukanushwa. Tazama wakati wa kitenzi. Sheria haiwaozeshi watu hawa. Inachukulia kwamba walikwisha kuoana, siku fulani, mbele ya mtu fulani, na kwamba kilichokosekana ni uthibitisho tu. Kumbe ile miaka miwili ni ushahidi wa harusi ya zamani. Ndiyo maana mmoja wao akionyesha kwamba harusi haikuwahi kuwapo, au kwamba tayari alikuwa katika ndoa ya mke mmoja na mtu mwingine, dhana inaanguka. Wanaosema mitaani kwamba mkikaa miaka miwili tayari ni mke na mume wameshika hesabu wakakiacha kitenzi.

Tazama pia nani anazungumza. Kifungu cha 9 kinaulizia hiari na kusudio, mambo ya ndani ya watu wawili. Kifungu cha 160 hakiwaulizi wenyewe lolote. Sifa hutolewa na wengine. Mahakamani wataitwa mwenye nyumba, majirani, mjumbe wa shina, ndugu waliokuwa wakimwita mwanamke shemeji. Ni ndoa inayotazamwa kutoka uani kwa watu. Kwa waliopanga chumba na sebule Manzese, ushahidi huo haukosekani. Kwa waliojifungia nyuma ya geti, wasiosalimiana na mtu, sentensi hiyo ina huruma kidogo sana.

Halafu inakuja sehemu ya pili, na mwandishi anageuka kuwa mtu mwingine. Sentensi inapita maneno mia moja, inapinda, inajirudia, inajiwekea masharti. Na inaanza pale pale ya kwanza inapofia: dhana ikishakanushwa, mwanamke ana haki ya kuomba matunzo yake na ya kila mtoto, akiiridhisha mahakama kwamba kweli waliishi kama mume na mke kwa miaka hiyo miwili. Mwanamume anaingizwa katikati ya sentensi, nyuma ya koma, inapofika zamu ya malezi ya watoto na nafuu nyingine zile ambazo mahakama hutoa baada ya talaka au kutengana.

Wanasheria wengi hunukuu sehemu ya kwanza, lakini kwangu ujasiri wote uko katika hii ya pili. Mzunguko wake nauona kuwa aibu ya mwandishi: anataka kuwapa matunda ya talaka watu ambao ametoka kukiri kwamba hawakuoana, na hataki ionekane hivyo.

Majaji ndio waliolifungua fundo. Nyumba na shamba havitajwi popote katika kifungu hiki, lakini Mahakama ya Rufani, katika hukumu iliyochapishwa kwenye ripoti za sheria za mwaka 1994, ilivikuta ndani ya zile nafuu nyingine: hata dhana ikikanushwa, mali waliyochuma pamoja inagawanywa. Ukiongeza hukumu ya Jaji Mkuu Nyalali ya 1983, iliyokubali kazi za nyumbani kuwa mchango katika mali ya familia, hata asiyewahi kushika mshahara ana pa kusimamia.

Kenya haina kifungu cha namna hii. Sheria yake ya Ndoa ya 2014 inafafanua kuishi pamoja bila ndoa, basi. Januari 2023 Mahakama ya Juu ililazimika kuorodhesha vigezo yenyewe, ikaonya kwamba dhana ya ndoa itumike kwa nadra, ikaikataa katika shauri lililokuwa mbele yake, kisha ikagawa mali asilimia 70 kwa 30 kwa kupitia sheria ya amana. Hukumu nzima kwa kazi ambayo Dar es Salaam ilishaifanya kwa sentensi moja mbovu.

Lakini mwanamume akifa, sentensi hiyo haisemi kitu. Nafuu zake zimeazimwa kutoka kwenye talaka na kutengana, ambako mtu wa pili yu hai wa kupewa amri. Kwenye mirathi mwanamke anabaki na ile fupi peke yake, inayokanushika, na wanaofika mahakamani kuikanusha ni wale wale waliokuwa wakimwita shemeji.