Sertifika ya semina hailindi mtoto

Wandugu, tuseme ukweli kati yetu. Hapa kwetu Kivu, mtu akikuambia shirika lao la kutetea watoto limeongezewa uwezo, mara mingi anataka kusema semina: siku tatu ku hoteli, kalamu na kaye, franga ya transpoti, picha ya pamoja, sertifika. Semina yenyewe siipingi. Napinga kuiita uwezo.

Tuangalie kazi yenyewe. Sheria 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inasema mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18, na ndiyo ilileta tribunali za watoto. Inasema tena mtoto aandikishwe ku état civil ndani ya siku 90 tangu azaliwe. Sasa mama amezaa akiwa anakimbia vita, siku 90 zikapita. Hapo inaomba jugement supplétif: kwenda tribunali, kutafuta mashahidi, kulipa, kufuata dosie wiki kwa wiki. Semina ilimufundisha animateri ile sheria vizuri. Lakini nani anamulipia taksi-moto ya kwenda tribunali mara ya ine? Ku bajeti mustari huo hauko. Wa semina uko.

Juu ya nini? Juu semina ni rahisi kuhesabu: watu 30, saini 30, ripoti imeisha. Mtoto mumoja wa kufuatwa miaka miwili haingii katika proje ya miezi sita. Na mushahara wa kontable, pango ya biro, intaneti, vyote vinaitwa gharama za pembeni, njo vinakatwa wa kwanza. Sisi tuliosoma agronomia tunajua mutindo huo: proje inaleta mbegu bora, inafundisha kupanda kwa mustari, kisha inaondoka mbele ya palizi.

Wakubwa wanajua hayo. Mwaka 2016, ku Istanbul, wafadhili na mashirika makubwa walikubaliana, katika mapatano yanayoitwa Grand Bargain, kwamba asilimia 25 ya feza ya misaada ya dharura ifikie mashirika ya wenyeji kufika 2020. Mwaka 2020 ulipita, lengo halikufikiwa. Kisha Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake, mwezi uleule M23 iliingia Goma. Shirika lenye sertifika kumi ku ukuta, bila akiba ya hata mwezi mumoja, siku ile lingemufanyia mtoto nini?

Lakini tusitupie wafadhili peke yao. Sisi wenye lisansi, wengi tunafungua asbl sababu kazi hakuna. Leo ni ya watoto; kesho tangazo la feza likisema mazingira, tunageuza statuti. Wazazi ku kartye wanaona, hawatuamini tena. Na kutetea ni kumuambia mukubwa neno lenye hataki kusikia, awe wa Leta ao mufadhili. Kama unangojea feza yake ndiyo ule, neno hilo utalisema?

Naona vitu viwili. Kwanza, tukikaa na mufadhili tuombe mustari wa kuendesha shirika mbele ya mustari wa semina. Na kama semina ni ya tano ju ya sheria ileile, tuseme hapana, asante. Pili, tujifunze kwa mama zetu wa AVEC. Kila wiki wanaweka kidogo, wako na kese ya mushikamano, na hesabu inasomwa mbele ya wote. Shirika la kutetea watoto lenye wanachama 40 wanaotoa dola moja kila mwezi liko na dola 480 kwa mwaka. Hazitoshi gari wala hoteli. Lakini zinalipa ile taksi-moto ya mara ya ine, na hakuna mutu wa Geneva ao Washington anaweza kuzizima.

Basi tuulizane: shirika lako linaishi na feza ya nani?