Mto, Upinde na Kiwambo

Wanaolinganisha hedifoni za bei kubwa wana mazoea ya kutoa alama mara mbili: alama za sauti, kisha alama za raha ya kuvaa. Naona mgawanyo huo unawapunja mafundi. Mto unaogusa shavu ndio huohuo unaoamua kama besi itafika sikioni au itavujia nje. Upinde unaobana kichwa ndio unaoshikilia kiwambo kinachotoa sauti mahali pake, kwa umbali unaohesabiwa kwa milimita kutoka kwenye tundu la sikio. Ukilegeza upinde ili kichwa kipumzike, umeshaugusa muziki.

Tangu mwanzo mambo haya mawili yalikwenda pamoja. Mnamo 1910 Nathaniel Baldwin wa Utah, Marekani, aliwapelekea wanamaji wa nchi yake hedifoni alizoziunda jikoni kwake. Sauti waliikubali, lakini wakataka zivalike vizuri zaidi, naye akabuni upinde wa nyaya mbili zilizofunikwa ngozi. Tangu hapo kila upinde umekuwa ukilijibu ombi lile la wanamaji.

Ninayoistahi kuliko nyingine zote ni Sennheiser HD 600 ya Ujerumani, iliyoingia sokoni 1997 na hadi sasa ingali madukani. Haina sura ya kifahari. Sehemu yake kubwa ni plastiki, na ndiyo maana uzito wake ni gramu 260 tu. Mito yake ya mahameli nyeusi ina umbo la yai ili ilizunguke sikio bila kulilalia, nayo hubanduka kwa vidole, bila bisibisi. Ukiibandua unakuta sponji nyembamba, na chini ya sponji kiwambo. Iinue kuelekea dirishani uone mwanga ukipenya kandokando ya kiwambo, kwa sababu mgongo wake ni wavu wa chuma usiozuia hewa. Ikiwa mpya hubana, na wenye vichwa vikubwa hulalamika wiki za kwanza. Ndani ya upinde mna chuma kinachokubali kukunjuliwa kidogo kwa mikono, na kwa matumizi hulegea chenyewe. Ila mtu asikikunjue kwa pupa. Mkazo ule haukuwekwa kwa bahati mbaya. Ndio unaoukalisha mto barabara pande zote za sikio, hata nyuma ya taya ambako nafasi hupenda kubaki.

Ubora wake mkubwa uko kwenye sauti ya mtu. Tundu la sikio la binadamu hukuza lenyewe sauti zilizo karibu na hezi 3,000. Mwimbaji aliyesimama mbele yako anakufikia akiwa ameshaongezwa nguvu hapo, na ubongo umezoea hivyo tangu utotoni. Hedifoni ikikaa juu ya sikio huivuruga njia hiyo ya asili, kwa hiyo mhandisi hana budi kuurudisha mwinuko ule kwa hesabu zake mwenyewe: kwa umbo la kiwambo, kwa matundu ya hewa nyuma yake, kwa kitambaa kinachoyapunguza matundu hayo kasi ya kupitisha hewa. Akizidisha, waimbaji wote wanapayuka. Akipunguza, wanaimba nyuma ya pazia. HD 600 imepatia mahali hapo kiasi kwamba nikimsikiliza Bi Kidude, ile mikwaruzo ya sauti yake inabaki ya kwake; haijalainishwa wala haijatiwa makali. Huko Marekani, Sean Olive na wenzake wa kampuni ya Harman walitumia miaka ya 2010 kuwauliza wasikilizaji ni mlingano gani wa sauti wanaoupenda kwenye hedifoni. Jibu lilikuwa ule unaokaribia spika nzuri zilizowekwa kwenye chumba kizuri. Ukiulaza mchoro wao juu ya vipimo vya HD 600, kwenye sauti za kati mistari hiyo miwili karibu inafuatana, ingawa hedifoni ilitangulia utafiti kwa zaidi ya miaka kumi. Kwangu mimi hicho ndicho kilele cha ufundi: kufika mahali kabla ramani haijachorwa.

Mistari hiyo inakoachana ni chini, kwenye besi ya kina. Katika HD 600 hewa huvuja, na besi ya chini kabisa huondoka nayo. Atakayeitafuta besi hiyo atafika kwa Audeze LCD-2, ambayo haitumii koili iliyogandishwa kwenye kiwambo. Kiwambo chake ni utando mwembamba sana uliochorwa njia za umeme juu yake, ukatandazwa mbele ya safu za sumaku. Umeme unausukuma utando mzima kwa pamoja. Ngoma inashuka hadi chini bila kuchoka, na mpigo ukikatika unakatika kweli, hauachi mvumo nyuma. Lakini sumaku ni chuma, na LCD-2 ina zaidi ya nusu kilo. Nusu saa ya kwanza huihisi. Baadaye shingo inaanza kuuliza. Watengenezaji walilielewa swali, wakaweka mkanda wa ngozi unaoning'inia chini ya upinde, uzito ukaenea juu ya kichwa badala ya kukaa utosini. Unasaidia sana. Uzito wenyewe haujaenda popote.

Hapa pwani kuna jambo ambalo vipimo vya Ulaya havilioni, nalo ni jasho. Mito ya ngozi huziba vizuri na kuilinda besi, ila mwezi wa pili au wa tatu, saa nane mchana, mashavu hulowa kabla santuri haijafika nusu. Ngozi ya bandia ndiyo mbaya zaidi, kwani unyevu huibambua ikaanza kudondosha vipande vyeusi shingoni. Mahameli hupumua. Kwa upande mwingine, hedifoni zilizo wazi hazizuii chochote cha nje, na pangaboi inayozunguka juu yako itaingia kwenye kila wimbo wa taratibu. Unachagua kati ya joto na feni. Hedifoni iliyofungwa, kama Beyerdynamic DT 770 yenye mito ya mahameli ya kijivu, ni suluhu ya heshima: laini shavuni, haibani sana, na feni inasikika kwa mbali. Navaa miwani, na hapo ndipo nimejifunza jinsi muziki unavyoning'inia kwenye kitu kidogo. Mkono wa miwani hupita chini ya mto ukaacha upenyo, na kwenye hedifoni iliyofungwa upenyo huo unatosha kuipunguza besi. Vua miwani katikati ya wimbo, gitaa la besi litasogea mbele.

Grado za Brooklyn nitazipita haraka. Uchangamfu wao kwenye gitaa unafurahisha, lakini sponji yao inalalia sikio lenyewe, na kwangu saa moja inatosha.

HD 800 ya Sennheiser haipitwi haraka. Ilitoka 2009, na ndani yake wazo la raha na wazo la sauti ni wazo moja. Mhandisi Axel Grell na wenzake walitengeneza vikombe vikubwa mno, sikio likasimama ndani yake bila kugusa kitu. Kisha wakakisogeza kiwambo mbele kidogo na kukiinamisha, ili sauti ilipite kwanza ua la sikio kama inavyofanya ikitoka kwenye spika. Kiwambo chenyewe ni pete yenye kipenyo cha milimita 56. Nikiwasikiliza Culture Musical Club wa Unguja, kundi lililoanzishwa 1958, kanuni inakaa upande wake, fidla upande wao, na kati yao pana nafasi ambayo hedifoni nyingine huijaza kwa sauti. Kasoro yake ni ukali kiasi cha hezi 6,000, pale ambapo fidla huanza kuchoma. Hawakuufunika ukali huo kwa kupoza sauti yote ya juu. Katika HD 800 S walitia kifyonza sauti kidogo kinachomeza masafa yale tu, mengine yote wakayaacha yalivyo. Subira ya namna hiyo naistahi sana.

Ukitaka kulinganisha mwenyewe, anza kwa kusawazisha kimo cha sauti. Sikio hupenda kilicho juu. Hedifoni ikiizidi mwenzake kwa desibeli moja au mbili utaisifu kwa uwazi na nguvu, kumbe umesifu kimo tu. Ukinzani nao huchanganya: HD 600 ni omu 300, na simu nyingi huifikisha nusu ya njia, ndiyo maana inahitaji amplifaya. Beyerdynamic wameiuza DT 880 kwa omu 32, 250 na 600, na ni vema kujua iliyo mkononi mwako ni ipi kabla ya kuihukumu. Kisha ivae kwa jioni nzima. Hedifoni inayong'aa dakika tano za kwanza mara nyingi ndiyo unayoivua mapema, bila hata kutambua kwamba kilichokuchosha kilikuwa sauti zake za juu wala si kubana kwake.

Angalia pia mito. Mahameli hubonyea mwaka hadi mwaka, sikio linakaribia kiwambo, na mlingano wa sauti unahama polepole kiasi kwamba mwenyewe hatambui. Wengi huamini hedifoni yao imezeeka, au masikio yao. Mito mipya inairudisha. Kwa Sennheiser hili ni rahisi, kwa sababu HD 580 ya miaka ya 1990, HD 600, na HD 650 ya 2003 zinavaa mito ileile na kuchomekwa waya uleule. Mwenye HD 580 aliyoinunua akiwa mwanafunzi anaweza kuagiza mito ya HD 600 leo na kuibandika kwa vidole usiku huohuo itakapofika.