Popovich Alivunja Alichokijenga

Tarehe 10 Juni 2014, fainali za NBA zikiwa sare ya ushindi 1-1, kocha wa San Antonio Spurs, Gregg Popovich, alimweka benchi Tiago Splitter, mchezaji mrefu aliyekuwa akilinda chini ya kikapu, na nafasi yake akampa Boris Diaw. Mechi ilichezwa Miami, nyumbani kwa mabingwa watetezi, tena baada ya San Antonio Spurs kupoteza mechi ya pili kwao kwa pointi mbili. Hadi mapumziko Spurs walikuwa mbele kwa 71 dhidi ya 50, na katika mitupo 33 walikuwa wameingiza 25, kiwango ambacho hakuna timu iliyokuwa imekifikia katika nusu ya mechi ya fainali. Kwangu, kila mjadala wa nani kocha bora wa mpira wa kikapu wa kulipwa ungepaswa kuanzia hapo. Popovich ana mataji matano, na wako wenye mengi kuliko yeye. Namweka juu ya wote kwa sababu aliuvunja kwa mkono wake mfumo uliompa mataji manne, akajenga mwingine unaokwenda kinyume kabisa na ule wa kwanza, na taji la tano akalitwaa akiwa bado na nguzo zake tatu za zamani: Tim Duncan, Tony Parker na Manu Ginobili.

Tuuangalie kwanza mfumo aliouvunja. Mwaka 1999 Spurs walitwaa taji lao la kwanza kwa kuifunga New York Knicks 78 kwa 77 katika mechi ya mwisho. Mwaka 2005 mechi ya saba dhidi ya Detroit Pistons iliisha 81 kwa 74. Matokeo hayo madogo yalitafutwa kwa makusudi. Mpira ulitembezwa taratibu hadi umfikie Duncan karibu na kikapu, wengine wakasubiri aamue. Upande wa pili Bruce Bowen alimganda mfungaji hatari wa wapinzani, na aliyefanikiwa kumpita Bowen alikutana na mikono ya Duncan. Mchezo ukienda polepole nafasi za kufunga zinakuwa chache, na zikiwa chache, timu isiyokosea hovyo ndiyo inayonufaika. Lakini ligi ilianza kubadilika. Kuanzia msimu wa 2004/05 waamuzi walibana matumizi ya mikono kwa mabeki wa nje, na washambuliaji wepesi wakapata njia. Phoenix Suns, waliocheza mbio tupu, walikuwa wakitolewa na Spurs kwenye mtoano, mwaka 2005, 2007 na 2008. Mwaka 2010 Suns haohao waliwafagia Spurs 4-0.

Popovich hakungoja onyo la pili. Msimu uliofuata, Duncan akiwa na miaka 34, mashambulizi yalihamishwa kutoka kwake yakapelekwa kwa Parker na Ginobili, na wastani wa Duncan ukashuka kutoka pointi 17.9 hadi 13.4. Spurs walishinda mechi 61. Kisha wakatolewa raundi ya kwanza na Memphis Grizzlies, timu iliyoingia mtoano ikiwa ya nane. Hapo ndipo kocha wa kawaida angerudi nyuma: mfumo mpya umeshindwa mbele ya timu ya mabavu, basi turudishe ule wa zamani uliotupa pete za ubingwa. Yeye alizidi kusonga mbele. Majira yale ya joto klabu ilimtoa George Hill, mchezaji aliyependwa sana pale, ili kumpata kijana Kawhi Leonard. Danny Green alikuwa ameachwa na Cleveland, na hata Spurs wenyewe waliwahi kumtema kabla ya kumrudisha. Diaw aliokotwa Machi 2012 baada ya Charlotte kumwacha. Hawa ndio waliopewa kanuni ya nusu sekunde: mpira ukikufikia, ndani ya muda huo uwe umetupa, umetoa pasi au umeanza kukimbia kuelekea kikapu. Kuushika na kutafakari hakukuruhusiwa kwa yeyote, Duncan akiwemo.

Sasa turudi kwa Diaw, maana uamuzi ule ulilenga mahali maalumu. Ulinzi wa Miami Heat ulijengwa juu ya mtego. Mchezaji mrefu wa Spurs aliposimama kumzibia njia beki anayemfuata Parker, walinzi wawili wa Heat walimrukia Parker kwa pamoja, wakamsukuma mbali na kikapu. Walijua kwamba nyuma yao pamebaki watatu dhidi ya wanne, lakini waliamini kasi ya LeBron James na Dwyane Wade ingeziba pengo kabla mpira haujafika. Mtego huo unafanya kazi iwapo anayepokea pasi ya kwanza katikati ya uwanja ni mtu wa kumalizia tu, kama Splitter: akishika mpira mbali na kikapu, hana la kufanya ila kuurudisha, na mwanya unajifunga. Diaw alikuwa na umbo la mchezaji wa chini ya kikapu na macho ya mchezesha timu. Aliupokea karibu na mstari wa mitupo huru akiwa tayari ameona hatua mbili mbele. Mlinzi wa kikapu akimjia, mpira unapita chini kwa Duncan. Beki wa pembeni akirudi kumsaidia mwenzake, mpira unakwenda kona kwa Green au Leonard. Anayekimbilia kona akifika kwa pupa, Leonard anampita na mnyororo unaanza upya. Kila pasi ilitoka wakati mguu wa mlinzi ungali hewani, na binadamu hawezi kubadili mwelekeo akiwa hewani. Leonard alimaliza usiku ule na pointi 29.

Miguu ya kucheza hivyo hadi Juni ilitunzwa tangu Oktoba. Katika msimu wa kawaida wa 2013/14 hakuna mchezaji hata mmoja wa Spurs aliyefikisha wastani wa dakika 30 kwa mechi, na bado timu ilishinda mechi 62, nyingi kuliko timu yoyote ya ligi. Mechi nne walizoshinda katika fainali ziliisha kwa tofauti ya pointi 15, 19, 21 na 17. Tofauti kama hizo, tena dhidi ya timu iliyokuwa fainali kwa mwaka wa nne mfululizo, haziletwi na mtu mmoja aliyeamka vizuri.

Pingamizi zito kuliko yote ni Phil Jackson. Mataji 11, sita Chicago na matano Los Angeles, hayapuuzwi na mtu mwenye akili timamu. Sikubaliani na wanaosema aliokota mataji kwa sababu ya Michael Jordan, kwani kabla ya Jackson kushika timu mwaka 1989 Jordan hakuwa na pete hata moja. Kumshawishi mfungaji mkubwa kuliko wote aruhusu mpira uzunguke ni kazi ya kocha hasa. Lakini mfumo wa mashambulizi wa pembetatu alioutumia ulikuwa kazi ya msaidizi wake, Tex Winter, na Jackson aliubeba kutoka Chicago hadi Lakers bila kubadili msingi wake. Alipobaki na Kobe Bryant bila mchezaji mrefu wa daraja la juu, Lakers walitolewa raundi ya kwanza mwaka 2006 na 2007. Kilichowarudisha fainali 2008 ni ujio wa Pau Gasol, mfumo ukiwa uleule. Red Auerbach naye ana tisa akiwa na Boston Celtics, katika ligi iliyokuwa na timu zisizofika kumi. Namheshimu, ila ushindani wake haufanani na huu.

Wengine husema: mpe yeyote Duncan uone. Ni kweli kwamba msimu wa 1996/97, kabla ya Duncan, timu ilimaliza na ushindi 20 tu, na Popovich alikuwa kwenye benchi kuanzia Desemba. Hata hivyo Duncan alistaafu 2016, na mwaka uliofuata Spurs walishinda mechi 61. Msimu wa 2017/18 Leonard alicheza mechi tisa pekee, na timu ikashinda 47 na kufika mtoano. Miaka ya mwisho ilikuwa mibaya, ushindi 22 mara mbili mfululizo, wakati klabu ilipokuwa ikijijenga upya kwa vijana. Hiyo inaonyesha mipaka ya kocha yeyote asiye na vipaji. Haifuti aliyoyafanya akiwa navyo.

Kosa lake kubwa ni la Juni 2013. Mechi ya sita ya fainali dhidi ya Miami Heat, Spurs mbele kwa pointi tano zikiwa zimebaki sekunde 28, alimtoa Duncan ili walinzi wepesi wabadilishane kwa urahisi kuzuia mitupo ya pointi tatu. James akafunga, na katika shambulizi la Heat lililofuata Duncan alikuwa benchi tena; Chris Bosh wa Heat akachukua ribaundi, mwenzake Ray Allen akasawazisha kutoka kona zikiwa zimebaki sekunde 5.2. Mantiki ilikuwepo, ila alipima vibaya: aliogopa mtupo wa kwanza akasahau kwamba mtupo ukikosa lazima mtu audake mpira. Taji lilipotea hapo. Mwaka mmoja baadaye kikosi kilekile kilirudi dhidi ya timu ileile, na kocha aliyekuwa amekosea ndiye aliyepata jibu.

Anayemkaribia leo ni Erik Spoelstra, kocha wa Miami Heat aliyekaa benchi la wapinzani usiku ule wa Diaw. Baada ya kufungwa na Dallas mwaka 2011, alimhamishia Bosh katikati, akaacha nafasi za kizamani, akatwaa mataji mawili; mwaka 2023 aliifikisha fainali timu iliyoingia mtoano ikiwa ya nane. Anajua kuvunja na kujenga. Anachokosa ni taji la kikosi alichokijenga upya, kwa sababu fainali za 2020 na 2023 zote alipoteza. Akilipata moja, mjadala huu nitaufungua tena.