Kuikagua Kamera Iliyofungwa Mtini

Ukitaka kujua kama kamera ya kutega imefungwa na fundi, usianze na kufuli. Rudi njiani, upite ukitazama chini kama mtu aliyetoka kutafuta kuni, kisha upite tena usiku na tochi. Ukiiona wewe, na mwingine ataiona. Kufuli ni la yule aliyekwisha kuiona. Ustadi wa kwanza ni kuwapunguza watu hao.

Mara nyingi kinachoifichua si kamera yenyewe. Ni tawi lililokatwa kwa panga, jeraha lake bado jeupe, au majani yaliyofyekwa mbele ya lenzi hadi pakawa kama kiwanja cha mpira. Fundi huvunja vijiti vichache kwa mkono na kuvitupa mbali. Kisanduku cha kamera hukipaka rangi isiyong'aa, mapema, harufu iishe kabla hakijaingia msituni. Mwanga wa kamera nao usisahauliwe: miale ya nanomita 850 huacha doa jekundu gizani, ya 940 jicho la binadamu haliioni, ila haifiki mbali sana. Penye wawindaji wa usiku, mimi ningezitoa kafara hizo mita chache.

Kuna wanaosifu kila kamera iliyopandishwa mita tatu na kuinamishwa. Kwa nyati, sawa. Lakini katika milima ya Udzungwa, kamera za kutega ndizo zilizopiga mwaka 2005 picha za kwanza za sange mwenye uso wa kijivu, mnyama ambaye wanasayansi walimtangaza rasmi kuwa spishi mpya mwaka 2008. Uzito wake ni kama gramu 700 tu. Mnyama mdogo hivyo anataka lenzi iliyo karibu na ardhi. Ukiipandisha juu umeilinda kamera na kumpoteza sange. Ulinzi unaoharibu picha siuhesabu kuwa kazi nzuri, hata kama kamera itakaa pale miaka kumi.

Kamera ikishuka chini, ndipo chuma kinapopimwa. Shika kisanduku, ukitikise: kisigonge mti, kisizunguke. Waya wa chuma uliosukwa, wa milimita 8 hivi, upite ndani ya kisanduku na kwenye tundu la kamera yenyewe, ukivutwa hadi kidole kisipenye kati yake na gome. Halafu jaribu kufungua mlango huku kufuli likiwa limefungwa. Ukifunguka, kazi imeharibika, kwa sababu kuna wezi wasioitaka kamera hata kidogo. Wanataka kadi yenye picha zao, na betri wanazichukua kama nyongeza. Tundu la ufunguo litazame chini, mvua isiingie. Mti nao utazame hadi juu. Mche mwembamba hukatwa kwa mapigo mawili, waya ukachomolewa juu bila kukatwa, na huyumba kwa upepo hadi kadi ikajaa picha za majani. Mimi hupenda shina lenye panda, waya ukiwa umepita juu ya panda hiyo.

Usidanganywe na unene wa bati peke yake. Mradi wa Snapshot Serengeti, uliotandaza kamera 225 kuanzia 2010, ulihitaji visanduku vya chuma kwa ajili ya meno ya fisi na nguvu za tembo. Fisi hana mkasi wa kukatia nondo.

Mwisho, soma kibandiko. Watafiti waliochapisha jaribio lao mwaka 2014 waliacha vifaa bandia katika bustani za mji wa Munich, wakakuta kwamba maandishi ya kirafiki, yanayomtaja mtu na kazi yake, yalipunguza uharibifu kuliko ya vitisho au ya kiofisi. Kwetu kibandiko kiwe cha Kiswahili, kiseme kamera inatafuta mnyama gani, kiwe na namba ya simu inayopatikana. Kisha ukamuulize mwenyekiti wa kitongoji cha jirani kama anajua kamera ni ya nani, na kama ameambiwa picha za watu zitafutwa. Akikujibu bila kusita, mfungaji alipita kwake kabla hajapita msituni. Akishangaa swali lako, kamera hiyo ihamishe leo, hata kama waya wake ni mnene kama kidole gumba.