Ufundi wa Kuipeleka Hofu Ugenini

Wanawake wa Uingereza walioandika hadithi fupi za Kigothi katika karne ya 19, zile za majumba ya kale na siri za damu, walipenda kuvipeleka visa vyao Ujerumani, Ufaransa au Italia. Wapo wanaoyaona hayo kuwa mapambo tu. Kwangu huo ni ufundi adhimu, kwani ugenini ndiko walikoweza kumshtaki mume na tajiri wa kwao bila kuwataja. Chukua "The Grey Woman" ya Elizabeth Gaskell, ya mwaka 1861. Inaanzia kwenye kinu kando ya mto Neckar, watu wanakokwenda kunywa kahawa. Gaskell aliwahi kukaa Heidelberg na mandhari hayo aliyajua. Anna, binti wa mwenye kinu, anaozwa kwa Mfaransa mtanashati anayemfungia katika ngome milimani Vosges. Usiku mmoja anaingia chumbani kwa mumewe kutafuta barua ya baba yake, anasikia watu wanakuja, anajificha chini ya meza. Gizani mkono wake unagusa mkono wa baridi wa maiti. Hakuna pepo hapo: muuaji ni mumewe, na kilichomponza Anna ni kutaka barua yake mwenyewe. Wasomaji wa Gaskell nchini Uingereza waliishi chini ya sheria iliyompa mume mali ya mkewe, sheria iliyoanza kulegezwa mwaka 1870. Anayemwokoa Anna ni mtumishi wake, Amante, aliyevaa kiume na kujifanya fundi cherehani, na katika hadithi nzima sioni mume mwema kumshinda.

Itasemwa kwamba hadithi hizi zilichochea chuki dhidi ya wageni. Ni kweli kwa nyingi, na hata Mary Elizabeth Braddon hakusalimika: katika "Good Lady Ducayne", ya 1896, daktari mwovu ni Mwitalia. Lakini tazama damu inakwenda wapi. Bella, msichana fukara wa London, anaajiriwa kwa pauni 100 kwa mwaka kumsindikiza bibi kizee tajiri Italia. Huko anadhoofika, na alama mkononi anadhani ni za mbu, kumbe daktari anamtoa damu usingizini ili bibi aongeze umri. Mwenye kiu ni Mwingereza, na fedha ni za Kiingereza. Italia imetoa jua na hoteli tu. Mambo yanapofichuka, bibi huyo hapelekwi mahakamani. Anamwandikia Bella hundi ya pauni 1,000 na kumwacha aende zake.