Nyasi Bandia Juu ya Udongo wa Mbuga: Ukarabati Uanzie Chini

Zulia la nyasi bandia likikunjamana uani, mwenye nyumba humwita fundi, naye fundi huja na kisu na gundi. Hukata palipovimba, huunga, hulipwa akaondoka. Mvua za Novemba zikirudi, uvimbe nao hurudi. Gundi husingiziwa bure. Katika nyumba zilizojengwa kwenye udongo wa mfinyanzi, kinachosogea ni ardhi, na zulia huifuata.

Mfano ni Tabora, iliyo kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, katika nchi ya mawe ya itale. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, alieleza kuwa udongo wa Afrika Mashariki hujipanga kwa mfuatano unaojirudia kutoka kilimani hadi bondeni. Huku Tabora, Unyamwezini, mfuatano huo unaonekana kwa macho: juu kichanga, chini mfinyanzi mweusi uitwao udongo wa mbuga. Wakulima waliutumia zamani, mihogo na karanga juu, mpunga kwenye majaruba bondeni. Mpunga ulioenea huku kwa njia ya misafara ya biashara ulistawi mbugani kwa sababu udongo ule haupitishi maji upesi. Sifa hiyo inayomfaa mkulima ndiyo inayoharibu zulia.

Kinachotokea ni hiki. Mbuga ikinywa maji huvimba. Ikikauka hunywea na kupasuka nyufa. Tabora ina msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili, halafu kiangazi kirefu. Kwa hiyo kila mwaka ua hupanda na kushuka, tena si kwa usawa. Penye kivuli hukauka taratibu, karibu na mwembe hukauka haraka kwa sababu mizizi inafyonza, na maji ya bati yanapoangukia hulowa kupita kiasi. Misumari hulegea, viungo hufumuka, madimbwi hujitokeza.

Hatua ya kwanza, basi, ni kuchunguza. Funua zulia palipoharibika, chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yaache yaishe, kisha ujaze tena. Yakikaa saa nyingi bila kushuka, usitegemee kamwe kwamba mvua itapenya chini ya ua huo. Finyanga donge la udongo uliolowa: likitoa uzi mrefu mwembamba usiokatika, huo ni mfinyanzi hasa.

Wakati wa kazi ni Mei na Juni. Mvua imekwisha, udongo una unyevu wa wastani. Ukishindilia Oktoba, udongo ukiwa umepasuka, umejenga juu ya kitu kitakachovimba mwezi unaofuata. Ukishindilia Februari, unakanyaga tope.

Tuchukue ua wa mita 8 kwa 5. Zulia hukunjwa lote, halikatwi. Udongo huchimbwa na kuondolewa kina cha sentimita 15, na sakafu ya shimo hupewa mteremko wa asilimia 1.5 kutoka nyumbani kwenda nje. Kwa urefu wa mita 8 ni tofauti ya sentimita 12, inayopimwa kwa kamba, mambo na pima maji. Ikiwa mbuga ni kali, huchanganywa na chokaa kabla ya kushindiliwa, kwa kawaida asilimia 3 hadi 6 ya uzito wa udongo, ili kupunguza uvimbaji. Juu yake hutandikwa kitambaa cha jiotekstaili, ambacho huzuia tope lisipande na kokoto zisizame. Kitambaa hiki mafundi wengi hukiruka ili kupunguza gharama, na ni kosa kubwa.

Kisha zinakuja kokoto ndogo na vumbi lake juu, kwa tabaka za sentimita 5, kila tabaka ikishindiliwa kwa mashine. Ua huu unahitaji mita za ujazo 6 zilizoshindiliwa; agiza kama 7.5, kwa sababu kokoto hupungua zikibanwa. Upande wa chini huchimbwa mfereji wa kokoto wenye bomba la matundu linalotoa maji nje ya ua. Maji ya bati yapewe njia yake yenyewe, mbali na zulia. Kingo za zulia zifungwe kwenye ukingo wa zege, kwa kuwa msumari peke yake hautulii kwenye mfinyanzi.

Kiraka sasa ni kazi nyepesi. Kikatwe kutoka upande wa nyuma, kikifuata mistari ya nyuzi, na nyasi zake zilale upande mmoja na zile za zamani. Zulia lote liachwe juani saa chache lijinyooshe kabla ya kuungwa kwa mkanda na gundi. Mwishoni hupigwa mchanga mkavu uliooshwa, kiasi cha kilo 5 kwa mita ya mraba. Mchanga wa mtoni wenye tope huziba matundu ya zulia, na maji yakarudi kutuama.

Viwanja vya Kaitaba, Bukoba, na Nyamagana, Mwanza, vimewazoesha watu wa magharibi mwa Tanzania kuona nyasi bandia. Mtazamaji huona kijani cha juu tu, lakini gharama kubwa ya kiwanja cha namna hiyo imefukiwa chini. Mwenye nyumba asiyeweza kulipia tabaka hizo za chini asilipie zulia.

Na kama ua wako uko bondeni kabisa, ambapo maji hayana pa kwenda, ushauri wangu ni huu: panda ukoka. Ukoka utainuka na kushuka pamoja na ardhi, na hautahitaji gundi. Kwa wengine wote: fundi akija na kisu mkononi, mpe jembe kwanza.