Jezi ya Nani? Lugha ya Orodha za Mnada wa Kumbukumbu za Michezo

Miongoni mwa matini zinazomhadaa mfasiri kwa wepesi wake ni orodha za minada ya kumbukumbu za michezo: jezi, mipira, viatu, medali na kadi za wachezaji. Sentensi zake ni fupi na msamiati wake ni wa kawaida. Hata hivyo, katika orodha hizo kila kivumishi kina bei yake, na mnunuzi aliye mbali hana cha kushika ila maneno.

Tuchukue jezi ya Diego Maradona ya tarehe 22 Juni 1986, siku Argentina ilipoitoa Uingereza katika Kombe la Dunia nchini Mexico. Steve Hodge wa Uingereza aliipata kwa kubadilishana jezi baada ya mchezo, na mwezi Mei 2022 Sotheby's waliiuza kwa paundi milioni 7.1. Kabla ya mnada, jamaa za Maradona walidai kuwa hiyo ilikuwa jezi ya kipindi cha kwanza, ilhali mabao yake yote mawili, la mkono na la chenga, yalifungwa kipindi cha pili. Wauzaji walijibu kwamba jezi ilikuwa imelinganishwa na picha za mchezo. Si kazi yetu kuamua shauri hilo. Linalotuhusu ni kwamba maneno "iliyovaliwa katika mchezo" yangekuwa kweli kwa jezi zote mbili, na "jezi ya Maradona" yangekuwa kweli hata kwa jezi ya dukani yenye jina lake mgongoni.

Hapa ndipo wafasiri wetu hukosea mara nyingi. Hiyo -a unganifu hubeba umiliki, uvaaji, jina na hata mfano tu, wala haimlazimu mwandishi kuchagua. Neno "halisi" nalo hutumika kama kifuniko cha kila chungu. Jezi iliyoshonwa kwa ajili ya mchezaji, ikakaa sandukuni bila kuvaliwa, ni halisi. Iliyoloa jasho lake uwanjani ni halisi pia. Wanunuzi hawazilipii sawa. Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kuzitenga: iliyoandaliwa kwa mchezo, iliyovaliwa mchezoni, iliyothibitishwa kwa picha.

Kuna pendekezo la kutumia "iliyochezewa" kwa kila kifaa kilichotumika uwanjani. Ni fupi na lina mantiki ya kisarufi, lakini halifai kabisa. Kitu kilichochezewa, kwa Mswahili yeyote, ni kitu kilichoharibiwa au kutiwa hila. Tuliweke neno hilo kwa kazi yake ya haki, maana minada hiyo inalihitaji. Kadi mashuhuri ya Honus Wagner, mchezaji wa besiboli wa Marekani, ilipewa daraja la 8 kati ya 10 mwaka 1991 na ikauzwa dola milioni 2.8 mwaka 2007. Mwaka 2013 Bill Mastro, aliyekuwa mwendesha minada, alikiri mahakamani kwamba aliipunguza kingo. Kadi ilikuwa halisi. Ilikuwa pia imechezewa. Orodha inayotumia "halisi" peke yake ingemwacha mnunuzi gizani bila kusema uongo hata mmoja.

Limebaki suala la mafungu. Vitu vinavyouzwa pamoja chini ya namba moja wengine huviita "kura", jambo linalomfanya msomaji afikiri juu ya bahati nasibu au uchaguzi. Sokoni tuna "fungu" tangu zamani, na mnunuzi wa nyanya anajua kwamba nzuri hupangwa juu. Mtunzi wa orodha hupanga vivyo hivyo: mpira wenye saini ya bingwa hutajwa mwanzo, na vilivyobaki hufuata chini ya "na vinginevyo". Vyote vitajwe, na upatanisho wa kisarufi uangaliwe kwa makini. "Fungu la mipira kumi yenye saini" huahidi saini katika kila mpira. "Fungu la mipira kumi lenye saini" huahidi tu kwamba ndani ya fungu zimo saini, pengine katika mpira mmoja. Mhariri anayebadili silabi hiyo moja kwa kutafuta ulaini wa matamshi amebadili bidhaa inayouzwa.